Chuma Safi Hushikana na Chuma Safi

Somo la fizika na kemia: tabaka za kulinda vyuma ndani ya reaktere za joto kali



Katika mwaka wa tano tulikuwa tunasoma juu ya gazi zile ambazo hazipendi kuungana na vitu vingine: heliumu, neoni, argoni. Nilisema kwamba kuna reaktere za atome ambazo zinapozwa kwa heliumu, kwa sababu heliumu haiwaki, haileti kutu, haili chuma. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, kama heliumu haiharibu chuma, juu ya nini basi wanapaka tena ile chuma ngozi ngumu ili isiharibike? Nani njo anaiharibu?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa zuri kuliko somo nililotayarisha. Kengele ikalia mbele sijajibu vizuri. Ninajibu hapa, ili wote wapate faida.

Jibu kwa kifupi ni hili: heliumu haiharibu chuma, lakini inakiacha uchi. Na chuma kilicho uchi, kikiwa cha moto na kikibanwa juu ya chuma kingine, kinashikana nacho. Sasa tuone polepole.

1. REAKTERE YA JOTO KALI NI NINI?

Reaktere ni tanuru ambalo halichomi kuni wala makaa. Joto lake linatoka katika kupasuka kwa viini vya atome za uraniumu. Joto lile linachukuliwa nje ili lichemshe maji, na mvuke wa maji uzungushe turbini ya umeme.

Reaktere nyingi za dunia zinatumia maji kwa kuchukua joto. Lakini maji yana mpaka wake. Hata yakibanwa kwa nguvu sana, katika reaktere za kawaida hayapiti sana digrii 330. Turbini inafanya kazi vizuri zaidi mvuke ukiwa wa moto zaidi, na viwanda vya kemia vinataka joto kupita pale tena. Ndiyo maana watu wa sayansi walichagua heliumu. Na ndani ya reaktere, badala ya kuzungusha uraniumu kwa bomba za chuma, waliizungusha kwa grafiti, ni kusema kaboni ya namna ile iliyo katikati ya kalamu ya kreyo. Grafiti inavumilia joto ambalo lingeyeyusha chuma.

Hii si ndoto. Tazameni historia:

- Dragon, huko Winfrith katika Uingereza, ilianza mwaka 1964. Ilikuwa kazi ya nchi mingi za Ulaya pamoja, ikasimama mwaka 1975.
- Peach Bottom katika Pennsylvania, Marekani, ilitoa umeme tangu 1967 hadi 1974.
- AVR katika mji wa Jülich, Ujerumani, ilitoa umeme tangu 1967 hadi 1988. Mwaka 1974 heliumu yake ilifika digrii 950.
- Fort St. Vrain katika Colorado, Marekani, ilitoa umeme tangu 1976 hadi 1989.
- THTR-300, Ujerumani tena, tangu 1985 hadi 1989.
- HTTR huko Oarai, Japani, iliwaka mara ya kwanza mwaka 1998, ikafika digrii 950 mwaka 2004.
- HTR-PM huko Shidao Bay, Uchina, iliunganishwa na nyaya za umeme Desemba 2021, ikaanza kazi ya biashara Desemba 2023. Heliumu yake inatoka na digrii 750.

Msichanganye hizi na reaktere ya Kinshasa. TRICO ya kwanza iliwaka mwaka 1959, ikawa ya kwanza katika Afrika yote. Ya pili iliwaka mwaka 1972, ikasimamishwa mwaka 2004. Zile zilikuwa reaktere za masomo na utafiti, ndani ya birika la maji, bila joto kali. Matatizo tunayosoma leo hayakuwa yao.

2. KUTU NI ADUI, LAKINI OKSIDI NYEMBAMBA NI NGUO

Wanafunzi wengi wanasema: oksijeni ni adui wa chuma. Ni kweli kwa ile kutu nyekundu inayokula mabati ya nyumba. Lakini kuna oksidi nyingine, nyembamba sana, ambayo jicho haliioni. Ukikata kipande cha inoksi ao cha aluminyumu, uso wake mupya unakutana na hewa, na mara moja unavaa ngozi ya oksidi. Unene wa ngozi hii ni sehemu chache tu za milioni za milimita. Hata hivyo, ngozi hii inafanya kazi mbili: inazuia kutu kuingia ndani, na inazuia chuma kugusa chuma kingine mwili kwa mwili.

Juu ya nini kugusana mwili kwa mwili ni hatari? Kwa sababu atome za chuma hazijui mpaka. Kama atome za kipande A zinakaribiana kabisa na atome za kipande B, bila oksidi wala mafuta wala uchafu katikati, haziwezi kujua kwamba hivi ni vipande viwili. Zinashikana, na vipande vinakuwa kimoja.

Mhunzi wa kijiji anajua jambo hili tangu zamani, hata kama hakusoma kemia. Akitaka kuunga vyuma viwili bila kuviyeyusha, anafanya nini? Anavitia katika moto mpaka viwe vyeupe. Anatupa mchanga juu yake ili uyeyuke na kuondoa magamba ya oksidi. Kisha anaviweka kimoja juu ya kingine, na kupiga kwa nyundo. Vimeshikana. Kwa hiyo mhunzi anatafuta mambo matatu: usafi, joto, na kubanwa.

Sasa tazameni ndani ya reaktere ya heliumu. Usafi uko: hakuna hewa. Joto liko: digrii 700, 800, mpaka 950. Kubanwa kuko: mashine ni nzito, na vipande vyake vinaegemeana. Kile mhunzi anachotafuta kwa jasho, reaktere inakipata bila kutaka. Na wakati mhunzi anapiga kwa dakika moja, reaktere inabana kwa miaka.

Mtu ataniambia: "Lakini Mwalimu, mbele ya kuingia katika reaktere, ile chuma ilikuwa na oksidi yake." Ni kweli. Lakini vipande vikisuguana, ngozi ile inakwaruzwa. Katika hewa ingejitengeneza upya mara moja, kama kidonda kinachopata ngozi. Katika heliumu oksijeni iko haba sana. Kuna mvuke kidogo wa maji, hidrojeni, metani na oksidi ya kaboni, sehemu chache tu kwa milioni. Ule uchafu kidogo hautoshi kila mara kurudisha nguo ya chuma upesi. Kidonda kinabaki wazi. Zaidi ya hayo, joto likiwa kali, gazi zile kidogo zinaweza kutia kaboni katika chuma mpaka kivunjike kama kioo, ao kunyonya kaboni yake mpaka kilegee.

Na mafuta je? Katika motere ya gari, mafuta yanatenganisha pistoni na ukuta wake. Lakini kwa digrii 800 hakuna mafuta yanayobaki mafuta. Yangeungua, na moshi wake ungechafua heliumu yote.

3. NI SEHEMU GANI ZINAZOSUGUANA?

Hapa wengi wanashangaa. Wanafikiri bomba la chuma linakaa kimya tu. Hapana, kila chuma kinachopata joto kinatanuka. Tufanye hesabu. Metre moja ya inoksi inatanuka karibu metre 0,000017 kwa kila digrii moja. Bomba la metre 10, likitoka digrii 20 kufika digrii 770, limepanda digrii 750:

10 × 0,000017 × 750 = 0,1275 metre

Ni kusema karibu sentimita 13! Ukilizuia, litajikunja ao litapasuka. Kwa hiyo mwenye kuchora mashine analiacha liteleze ndani ya vishikizo vyake. Na pale linapoteleza, linasugua. Kila mara reaktere inapowashwa ao kuzimwa, bomba linakwenda na kurudi.

Kuna pia msuguo wa pili, mdogo lakini mbaya. Heliumu inapita kwa nguvu, imebanwa mara 40 mpaka mara 70 kuliko hewa tunayovuta. Upepo ule unatetemesha bomba. Kila mtetemo ni mdogo kuliko unywele, lakini unarudia mamilioni ya mara, na unakula chuma pale kinapogusana na kishikizo.

Sehemu zinazohitaji ulinzi ni hizi zaidi:

a) Bomba za mahali heliumu ya moto inapochemsha maji, pale zinapopita ndani ya vishikizo.
b) Mabamba ya chuma yanayofunika ukuta wa ndani ili joto lisitoke. Yanatanuka na kuteleza juu ya misumari yake.
c) Fimbo zinazopunguza ao kuzima moto wa atome, pamoja na njia zake.
d) Milango ya gazi, bulo na ekuru zinazotakiwa kufunguliwa siku moja, na mashine zinazosukuma heliumu.

Ili mjue uzito wa jambo, fikirini fimbo. Hizi ndizo breki za reaktere. Fimbo ikikwama, ni sawa na gari kwenye mlima bila breki. Katika Fort St. Vrain, mwezi wa Juni 1984, unyevu ulikuwa umeingia katika heliumu. Reaktere ilipopewa amri ya kuzimika, pea 6 kati ya pea 37 za fimbo hazikushuka zenyewe. Iliwapasa wafanyakazi kuzishusha kwa motere zake. Reaktere ilizimika, hakuna mtu aliyeumia. Sisemi kwamba kule chuma kilikuwa kimeshikana na chuma, hapana. Ninaleta mfano huu ili muone: kitu kinachopaswa kutembea, kikikataa kutembea, si jambo dogo.

Na tatizo jingine: reaktere ikisha kuwaka, ndani yake kunajaa mionzi. Fundi hawezi kuingia na kle yake kufungua ekuru iliyokwama. Reaktere inachorwa kwa kazi ya miaka 40 ao zaidi. Kosa lililofungwa ndani siku ya kwanza litakaa ndani.

4. NGOZI YA PILI

Ikiwa heliumu inavua chuma nguo yake, basi dawa ni kukivalisha nguo nyingine kwa mkono, ngumu kuliko ile ya kwanza. Hili ndilo tabaka la kulinda. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0,1 na 0,3, kama karatasi mbili tatu za daftari. Linatakiwa liwe na tabia hizi:

- liwe gumu, lisilike upesi;
- lisishikane na chuma cha upande wa pili, hata kwa joto kali;
- lisibanduke pale joto linapopanda na kushuka;
- lisiliwe na ule uchafu kidogo wa heliumu;
- lisiwe na kitu kinachogeuka kuwa hatari ndani ya mionzi.

Namna mbili zimechunguzwa zaidi.

Namna ya kwanza ni kabure ya kromu, ni kusema kromu iliyoungana na kaboni (Cr3C2). Ni ngumu sana, lakini peke yake inavunjika kama kigae. Kwa hiyo inachanganywa na nikromu, ni kusema mchanganyiko wa nikeli na kromu. Mara nyingi ni sehemu 75 ao 80 za kabure kwa sehemu 25 ao 20 za nikromu. Mnajua betoni? Kokoto ndizo zinazobeba mzigo, simenti inazishika pamoja. Hapa pia, kabure ni kokoto, nikromu ni simenti.

Namna ya pili ni oksidi ya zirkoni (ZrO2). Hii si chuma tena, ni jamaa ya vyungu na vigae. Atome zake zimekwisha kuungana na oksijeni, hazitafuti rafiki mwingine, kwa hiyo hazishikani na chuma. Inafaa mahali pa moto zaidi. Lakini ina tabia moja mbaya: ikipashwa joto mpaka karibu digrii 1170, fuwele zake zinabadilisha umbo na ukubwa, na ikipoa zinarudi, mpaka inapasuka yenyewe. Mbele ya kuipaka, wanaichanganya na kidogo cha oksidi ya itriumu ao ya manyeziumu, na umbo lake linatulia.

5. NAMNA YA KUIPAKA

Haipakwi kwa burashi kama rangi. Inarushwa.

Kwanza uso wa chuma unasafishwa, kisha unapigwa kwa punje ngumu zinazorushwa na upepo, mpaka uwe na mikwaruzo midogo. Ninyi mmeona fundi wa nyumba: mbele ya kupaka simenti ukutani, anachokora ukuta kwa ncha ya panga. Ukuta laini haushiki simenti. Fundi mvivu anayeruka kazi hii, nyumba yake inapendeza mwaka mmoja tu. Kwa chuma ni vilevile: sehemu kubwa ya nguvu ya tabaka inatoka katika matayarisho ambayo hayaonekani tena kazi ikimalizika.

Kisha kuna njia mbili za kurusha:

Njia ya plasma. Umeme unapita ndani ya gazi, kama argoni iliyochanganywa na hidrojeni, na kuifanya kuwa moto wa zaidi ya digrii 10 000. Unga wa kabure ao wa zirkoni unaingizwa katika moto ule. Punje zake ni ndogo, sehemu chache za mia za milimita. Zinayeyuka zikiwa njiani, zinapiga chuma, zinatandazika kama tone la matope linaloanguka chini, na kuganda papo hapo. Tone juu ya tone, tabaka linajengwa.

Njia ya mlipuko. Kampuni ya Union Carbide ya Marekani ilileta njia hii katika miaka ya 1950. Ni kama bunduki yenye bomba refu. Wanaijaza oksijeni na asetileni, zile gazi mbili za fundi wa kulehemu, pamoja na unga kidogo. Cheche inawasha, gazi inalipuka, unga unatoka na mwendo wa karibu metre 750 kwa segonde, kupita mara mbili mwendo wa sauti katika hewa. Kisha bomba linasafishwa kwa gazi nyingine na kujazwa tena, mara kadhaa kila segonde. Kwa sababu ya mwendo ule, tabaka linakuwa zito na linashika sana, bila matundu mengi. Lakini bunduki inapiga paka mbele yake, kwa hiyo haiwezi kupaka mahali palipojificha, kama ndani ya bomba jembamba.

6. TABAKA NALO LINAWEZA KUSHINDWA

Msifikiri kwamba ukisha kupaka, umemaliza. Adui wa kwanza ni kutanuka. Vipande vya nikeli na kromu vinatanuka karibu 0,000016 kwa kila digrii. Oksidi ya zirkoni karibu 0,000010. Kwa urefu wa metre moja na kupanda digrii 800, chuma kinataka kurefuka karibu milimita 13, na tabaka milimita 8 tu. Ni kama watu wawili waliofungwa kamba miguuni, mmoja ana hatua ndefu, mwingine fupi. Mvutano unajaa pale wanapounganika, na siku moja tabaka linabanduka. Ndiyo sababu mara nyingine wanaweka kwanza tabaka la katikati, la chuma chenye nikeli na kromu, ili kupatanisha hawa wawili. Na ndiyo sababu hawapaki tabaka nene: nene si nguvu, nene inabanduka upesi zaidi.

Adui wa pili ni wakati. Kwa joto kali, atome zinahama polepole. Kabure ya kromu inapoteza kaboni kidogo kidogo kwa jirani yake nikromu, na kugeuka kuwa kabure za namna nyingine. Tabaka la mwaka wa kwanza si tabaka la mwaka wa ishirini.

Namna gani basi kujua litafika miaka 40? Miaka 40 ni saa 350 400. Hakuna mtu wa maabara anayeweza kungoja vile mbele ya kujenga. Wanafanya hivi: wanaweka vipande katika sanduku lenye heliumu ya moto, pamoja na uchafu uleule wa reaktere. Wanavisugua, wanapima uzito mbele na nyuma. Wanapasha joto na kupoza mara mingi. Wanaacha vipande vingine katika moto kwa maelfu ya saa, kisha wanavikata na kuvitazama kwa mikroskopi. Saa 10 000, ni kusema siku 416, bado ni sehemu ndogo ya miaka 40. Sehemu inayobaki wanaikadiria kwa hesabu na kwa woga. Woga huo ni mzuri: mwenye kutengeneza mashine asiyeogopa kosa lake, musipande mashine yake.

7. NA KOBALTI YETU JE?

Mwanafunzi anayetoka upande wa Kolwezi ao Likasi ataniuliza: "Mwalimu, kobalti yetu iko ngumu sana, na inavumilia joto. Juu ya nini hawaitumii?"

Swali la haki. Nchi yetu inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Na ni kweli kwamba mwanzo wa karne ya 20, Mmarekani Elwood Haynes alichanganya kobalti na kromu, baadaye na tungsteni pia, akapata chuma alichokiita Stellite. Kinabaki kigumu hata kikiwa chekundu kwa moto. Mpaka leo kinapakwa juu ya milango ya mvuke na mashine mingi zinazosuguana.

Lakini karibu na moyo wa reaktere kuna nutroni zinazoruka. Kobalti ya ardhi yote ni ya namna moja, kobalti 59. Ikimeza nutroni moja, inakuwa kobalti 60, nayo inatoa mionzi mikali ya gama. Nusu yake inaisha kwa miaka 5,27. Nusu ya ile inayobaki kwa miaka 5,27 mingine. Na kuendelea hivyo. Sasa fikirini: tabaka lenye kobalti linalika, unga wake unachukuliwa mpaka moyoni, unageuka kobalti 60, unatoka tena na kukaa katika kona za bomba. Siku fundi anakuja kutengeneza, mionzi inamngojea. Katika reaktere za maji jambo hili linajulikana sana, kobalti 60 ni moja ya sababu kubwa za mionzi inayowapata wafanyakazi wa kutengeneza. Kwa hiyo, mahali nutroni zinapofika, wanapenda kabure ya kromu pamoja na nikeli kuliko kobalti. Mbali na moyo, kobalti inaweza kurudi: chuma kinachoitwa Aloi 617, kilichochunguzwa kwa mahali pa moto sana, kina karibu asilimia 12 za kobalti.

Na tusiseme kobalti 60 ni mbaya tu. Tangu mwaka 1951 huko Kanada, madaktari walianza kutumia mionzi yake kwa kupiga kansa, na mashine hizo zilienea katika hospitali za dunia. Kitu kilekile, mahali pake kinaponya, nje ya mahali pake kinaumiza.

8. NENO LA MWISHO

Sasa rafiki yetu amepata jibu. Hakuna aliyeiharibu chuma kwa kuja na jino. Iliharibika kwa sababu ilipoteza kitu kidogo kilichokuwa katikati yake na jirani yake, na hakuna aliyekuwa anakiona. Tunapolaani kutu, tusisahau kwamba oksidi nyembamba ilikuwa mlinzi wetu bila mshahara.

Jambo la pili: Bwana wetu aliwakaripia watu waliofanana na makaburi mazuri kwa nje, yenye uozo ndani. Kuna rangi inayoficha na kuna tabaka linalolinda. Tofauti si katika kung'aa. Iko katika ile kazi ya kuchokora na kusafisha iliyofanywa mbele ya kupaka. Mwanafunzi anayekariri majibu usiku wa mtihani amejipaka rangi. Anayeuliza maswali katika darasa, hata wengine wakicheka, amejichokora kwanza, na kile anachopokea kitamshika.

Na jambo la tatu. Tunaona magari makubwa yakipita na kobalti. Watoto wetu wanajua jina lake mbele ya kujua kusoma. Lakini kubeba gunia si kujua kitu kilicho ndani. Ninataka siku moja, katika chumba kile ambamo wanachagua chuma gani kiwekwe karibu na nutroni na kipi kiwekwe mbali, mmoja wa wale wenye kuchagua awe alisoma hapa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Taja mambo matatu ambayo mhunzi anatafuta ili vyuma viwili vishikane. Kila moja linapatikana namna gani ndani ya reaktere ya heliumu?

2. Bomba la inoksi lina metre 6. Linapanda toka digrii 30 mpaka digrii 630. Litarefuka sentimita ngapi?

3. Juu ya nini tabaka la milimita 2 linaweza kuwa dhaifu kuliko tabaka la milimita 0,2?

4. Gramu moja ya kobalti 60 imewekwa katika sanduku. Baada ya miaka 21 hivi, itabaki sehemu gani yake?

5. Eleza kwa maneno yako: kwa nini mafuta ya motere hayawezi kusaidia katika reaktere ya joto kali?

6. Kwa wale wa mwaka wa sita: tafuta katika nyumba yenu kitu kimoja chenye tabaka lililobanduka (sahani, ukuta, mlango). Eleza ni adui gani aliyelibandua: kutanuka, kupigwa, maji, ao matayarisho mabaya.

Andikeni majibu katika karatasi, muyalete kwa mwalimu wa fizika. Mwenye swali jingine alilete pia, tena asiogope kicheko.